Kibali cha Kushuka Kisimani

Nchi ninayoitumikia haina jina. Kamati ya kulichagua ilitoka kwenda kunywa chai mwaka ule wa uhuru, na sisi watu wenye adabu bado tunaisubiri irudi. Lakini sheria tunazo, tena nyingi, na kwa hilo majirani zetu wanatuonea wivu.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo mtamu, ila Wizara ilipouchunguza iligundua kwamba wazee hao walikuwa wahalifu. Unampaje mgeni jembe bila kibali? Bila mkataba wa nakala sita? Bila kwanza kumuuliza kila raia kama jembe hilo halitaki yeye? Ndipo ikaundwa Idara ya Wageni wa Muda, na kazi yake ya kwanza ikawa kuwaandikia barua ya onyo wazee wote waliokwisha kufa. Barua zilibandikwa makaburini. Mihuri yake niligonga mimi.

Naitwa Msabaha Kirungi, Mshika Mhuri Daraja la Tatu. Najitambulisha mapema kwa sababu watu wa Makavuni wananisema vibaya, na mtu akisemwa sana hufika mahali naye akataka kusema. Mimi sina ubaya na mtu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuamua jambo lolote.

*

Makavuni ni mji mdogo ambao mvua huupita juu ikienda kwenye shughuli zake. Maji huletwa na lori kila Alhamisi, kama dereva hana msiba, na dereva yule ana ukoo mkubwa ajabu. Hapo njiapanda ndipo Bi Nuriati Chambuso alipokuwa na kibanda chake cha chakula: maharage, chapati, na chai siku ambazo maji yapo. Ni mjane, mtu mzima, mikono imekomaa kwa kukanda unga. Siku moja alichoka kumsubiri dereva amalize kuzika shangazi zake, akasema atachimba kisima.

Sasa, wachimba visima hapa kwetu hakuna. Visima vyote vya wilaya, hata kile cha nyuma ya Wizara, vilichimbwa na watu wa ng'ambo ya mpaka, baba akimrithisha mwana. Bi Nuriati akampelekea salamu fundi mmoja aitwaye Mulonda, ambaye baba yake ndiye aliyechimba kisima cha msikiti. Mulonda akajibu kwamba yuko tayari. Kosa la mama huyu lilikuwa kudhani kwamba mambo yameishia hapo.

Kwanza ilimpasa aitangaze kazi kwa raia, siku tisini, redioni na sokoni. Akaitangaza. Walikuja raia wanne. Wa kwanza aliuliza kama kisima kina ofisi. Wa pili aliomba cheo cha kukisimamia kisima kikishakamilika. Wa tatu alikuwa na stashahada ya maji lakini shimo humtia kizunguzungu. Wa nne alikula sahani mbili akasema atarudi na jibu. Kwa kila mmoja Bi Nuriati alitakiwa aandike kurasa tatu za kueleza kwa nini hakumwajiri, na zile za yule wa nne zilirudishwa kwa sababu hakutaja alikula mboga gani.

Kisha akatakiwa awe na Ofisa wa Masharti. Akajiteua mwenyewe, akajiandikia barua ya uteuzi, akajijibu kwamba ameikubali. Akatakiwa abandike bango la haki za mfanyakazi mahali pa kazi, mfanyakazi aweze kulisoma muda wote. Mahali pa kazi ni kisimani, kwa hiyo kila kisima kilivyozidi kwenda chini, na bango nalo lilishushwa. Akatakiwa pia asimruhusu mtu mwingine kugusa kazi ile, maana kila anayegusa kamba ni mfanyakazi na lazima awe na mkataba wake. Majirani waliokuwa wakija kumsaidia kuvuta ndoo za udongo wakaacha kusaidia. Wakawa wanakaa kwenye benchi lake kutazama, mikono mapajani.

Yote aliyatimiza, jamani. Mimi nimeona mafaili ya makampuni makubwa, lakini la Bi Nuriati yalikuwa hayalifikii. Alilitunza ndani ya sufuria la pilau, na kifuniko juu, panya wasilitafune.

"Dada," Mulonda alimwambia siku moja akiwa anakula, udongo umemjaa nyusi, "nyie watu mnachimba kwenye karatasi kuliko mimi ninavyochimba ardhini."

"We chimba, fundi. Wewe na udongo, mimi na karatasi, tutakutana kwenye maji."

Mulonda mwenyewe alikuwa na sharti moja tu, nalo halikuandikwa popote. Kwao mchimbaji hashuki mpaka amtazame machoni yule atakayeshika kamba, na aliyemshusha ndiye atakayempandisha. Kamba haibadili mikono. Akiwa huko chini, kila baada ya muda huita, "Nani ameshika kamba?" na aliye juu hutaja jina lake. Bi Nuriati alikuwa akijibu "Nuriati" kutwa nzima, kamba ameizungusha kwenye nguzo ya kibanda na mkono mmoja uko juu yake, mkono wa pili unageuza chapati.

Kibali cha Mulonda kilisema hivi: mahali pa kazi, ndani ya kisima; kina, futi arobaini; mwisho wa kibali, Jumatano saa sita kamili mchana. Wiki saba kabla ya hapo Bi Nuriati alishaomba kiongezwe muda. Idara ikamjibu kwamba kibali hakiongezwi muda kikiwa bado kizima, asubiri kife. Na kikishakufa, mgeni haruhusiwi kuomba kitu chochote, kwa kuwa hana kibali. Barua hiyo niliigonga mhuri mimi, na mhuri ulikaa sawasawa.

Ilipofika Jumatano hiyo kisima kilikuwa futi thelathini na tisa, na udongo unaotoka ulikuwa wa baridi. Mulonda akasema anashuka mara ya mwisho. Ijumaa alitakiwa awe kwao, binti yake anaolewa. Bi Nuriati alikuwa amekwisha kumfungia kilo tano za mchele wa harusi, mzigo uko mlangoni. Akamtazama machoni, akamshusha.

*

Tulifika saa nne, mimi na Mkaguzi wa Waajiri, Bwana Pazi. Ulikuwa ukaguzi wa kushtukiza. Kanuni zinasema ukaguzi wa kushtukiza utanguliwe na barua ya kumwarifu mwajiri, kwa hiyo barua tulikuja nayo wenyewe. Tukampa, tukazunguka kibanda mara moja, tukamshtukiza.

"Mama," alisema Bwana Pazi, akikalia benchi peke yake baada ya majirani kumpisha, "serikali imekuja kukulinda wewe na kumlinda mgeni wako. Lete faili. Na chapati mbili za moto, tuone mazingira ya kazi."

Alisoma mpaka karibu saa tano na nusu. Alipindua kila karatasi, akaishika juani, akainusa. Hakupata kosa, na kila alipokosa kosa uso wake ulizidi kukunjamana. Mwishowe akanivuta pembeni.

"Msabaha, mtu hawezi kuwa safi namna hii bila kuficha jambo."

Akamgeukia Bi Nuriati. "Yamebaki mahojiano ya faragha. Mfanyakazi ataulizwa maswali thelathini na moja, na mwajiri atasimama hatua hamsini kutoka hapa, asije akamtisha."

"Nitaondokaje, baba, na kamba nimeishika mimi?"

"Serikali itashika kamba," alisema, akanitazama mimi.

Bi Nuriati hakutaka. Alieleza ile desturi ya fundi, kwamba kamba haibadili mikono. Bwana Pazi akamuuliza desturi hiyo imesajiliwa wapi. Mwisho mama wa watu akaja kwangu, akanishikisha kamba mkono kwa mkono, akanionyesha jinsi ya kuikaza kwenye nguzo.

"Kaka, huko chini yuko mtu. Usiiachie."

"Sitaiachia," nilisema. Nilisema kwa nia njema, Mungu ni shahidi yangu.

Akaenda, Bwana Pazi akimhesabia hatua kwa sauti, mpaka akasimama mbele ya kibanda cha Mzee Shomvi, fundi baiskeli. Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, ya kawaida tu, ya mtu aliye kazini.

"Nani ameshika kamba?"

Nilifungua kinywa. Bwana Pazi akainua kidole. Wakati wa mahojiano anayesema na mfanyakazi ni mkaguzi peke yake. Nikafunga kinywa.

"Swali la kwanza," alisema, ameinamia shimo. "Je, ulipewa mkataba kwa lugha unayoifahamu?"

"Ninao, bwana. Dada yuko wapi?"

"Msabaha, andika: anao."

Nilikuwa naandika kwa mkono mmoja, karatasi nimeiweka juu ya meza ya chapati, kamba mkono wa pili. Walifika swali la nne, au la tano. Kisha chini kukasikika kitu kama mtu anakohoa, na Mulonda akaanza kucheka.

"Dada Nuriati, maji! Tena matamu. Yanakuja kwa nguvu, nipandishe."

Majirani walisimama, wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. Bi Nuriati alianza kuja mbio, analia na kucheka kwa pamoja.

"Hatua hamsini, mama," alisema Bwana Pazi. "Unaingilia ushahidi."

Alisimama. "Basi mpandisheni. Maswali atajibu akiwa juu."

"Akiwa juu atakuwa nje ya mahali pa kazi. Kibali kimesema ndani ya kisima. Unataka nimhoji mhalifu?"

Akarudi kuinamia shimo.

"Swali la tisa. Je, mwajiri anakupatia maji safi ya kutosha?"

"Yamefika kiunoni, bwana."

"Andika: anapatiwa."

Niliandika. Kamba ilikuwa imeanza kutetemeka mkononi mwangu, na kwa chini nilisikia udongo unaanguka majini, vipande vikubwa.

"Swali la kumi na nne. Je, una uhuru wa kuacha kazi hii wakati wowote unapotaka?"

"Nataka sasa hivi. Ukuta umemegeka, miguu imenasa kwenye tope. Vuteni."

"Jibu ndiyo au hapana."



"Ndiyo, bwana."

"Andika: ana uhuru."

Hapo, na hili watu wa Makavuni hawalisemi, hapo niliweka kalamu chini nikavuta. Nilivuta kwa mikono miwili, kamba ikaja kama dhiraa moja.

"Msabaha, unafanya nini?"

"Naikaza tu, bwana."

"Akitoka kabla ya swali la thelathini na moja tunaanza upya."

Majirani wakaja wote kwa pamoja. Wakasema tuvute jamani, mtu anakufa. Bwana Pazi hakuwakemea hata kidogo. Aliwauliza tu, kwa upole, kama wana mikataba. Wakatazamana. Mzee Shomvi alitoka mbio kwenda nyumbani kutafuta kitambulisho, akidhani labda kitasaidia. Wengine walirudi nyuma hatua mbili tatu, mmoja akijifuta machozi kwa kofia. Na mimi siwalaumu, kwa sababu walishaonywa kwa maandishi.

"Nani ameshika kamba?" aliita Mulonda. Safari hii sauti ilikuwa ndogo, na ilikuwa karibu na maji.

Sikumjibu. Mahojiano yalikuwa yamefika swali la ishirini na sita, linalohusu likizo, king'ora cha bomani cha saa sita kilipolia. Bwana Pazi akatazama saa yake, akafunga faili.

"Kibali kimekufa," alisema. "Kuanzia sasa huyo si mfanyakazi, ni mgeni asiye na kibali. Na kumtoa mgeni asiye na kibali mahali pamoja ukampeleka mahali pengine ni kusafirisha watu. Miaka saba, faini hakuna." Akageuka taratibu. "Nani ameshika kamba?"

Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na moja nistaafu. Niliogopa. Niliogopa mpaka vidole vikafunguka.

"Hakuna, bwana," nilisema.

Kamba ilizunguka nguzo mara moja, ikafyatuka, ikakimbilia shimoni. Bi Nuriati alikwisha kuzipita zile hatua hamsini, hakuna aliyemzuia tena. Alijitupa chini kifudifudi, mikono mbele, na ncha ya kamba ikapita kwenye vidole vyake. Alibaki amelala hivyo, kichwa ndani ya kisima, akiita, "Nuriati, fundi. Ni Nuriati. Nuriati." Aliita hivyo mpaka alasiri. Maji yalikuwa yamepanda futi ishirini.

*

Waziri alikuja Ijumaa na viti vyake.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wenye chuki wanaovumisha kwamba nchi hii imempoteza mfanyakazi wa kigeni. Nimefungua takwimu. Hadi saa sita kamili ya Jumatano, mfanyakazi huyo alikuwa hai, na ushahidi wa maandishi upo kwamba alikuwa na mkataba, maji safi na uhuru. Baada ya saa sita hatukuwa na mfanyakazi pale. Serikali makini haiwezi kupoteza kitu ambacho haina."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga polepole, viganja vilikuwa vinauma.

Likabaki suala la kumtoa marehemu. Hiyo nayo ni kazi ya ndani ya kisima, na kazi ya ndani ya kisima hutangazwa kwanza kwa raia siku tisini. Ilitangazwa. Alikuja yule mwenye stashahada, akachungulia, akakaa chini, akapewa maji ya lori anywe. Kaka zake Mulonda watatu walifika mpakani na kamba zao begani, wakaambiwa wajaze fomu. Nasikia bado wako pale. Harusi ya binti iliahirishwa, na ule mchele ukachukuliwa mahakamani uwe kielelezo namba tano.

Kisima kimezungushiwa utepe. Wanaopita karibu wanasema maji yake hayana hata chembe ya chumvi, lakini hakuna anayeyateka. Wanamsubiri dereva, siku ya Alhamisi.

*

Bi Nuriati alishtakiwa kwa makosa matatu. Kisima kilipopimwa kilikutwa kina futi arobaini na moja, yaani moja isiyo na kibali. Hakumrudisha mgeni kwao kibali kilipokwisha. Na aliiachia kamba, mtu akafa. Alikuja mahakamani na sufuria lake la pilau, faili likiwa ndani. Hakimu alilisoma akasema hajapata kuona faili zuri namna ile, akaagiza linakiliwe, liwe la kuwafundishia waajiri wengine. Kisha akaniita mimi.

Nilikula kiapo. Bwana Pazi alikuwa amekaa mstari wa mbele, barua ya kunipandisha Daraja la Pili iko mfukoni mwake. Alikuwa amenionyesha asubuhi, haijagongwa mhuri.

"Shahidi," alisema Hakimu, "king'ora kilipolia, nani alikuwa ameshika kamba?"

Swali hilo nililisikia mara mbili likitoka chini sikulijibu. Mara ya tatu nililijibu vibaya. Nilidhani mara hii ningelipatia.

"Mheshimiwa," nilisema, "kwa desturi ya wachimba visima, kamba haibadili mikono. Aliyemshusha mtu ndiye mwenye kamba mpaka mwisho."

"Na nani alimshusha?"

Nilimwonyesha Bi Nuriati kwa kidole. Hakimu akaandika. Nilimsikia akinong'ona na karani wake: miaka saba. Nilidhani mama atapiga kelele, atanitaja jina, atawaambia watu nilimwahidi nini.  Yeye alikuwa ameitazama mikono yangu. Niliirudisha haraka nyuma ya mgongo, lakini alikwisha kuiona, alama ya kamba ilikuwa imekatiza viganja vyote viwili, bado mbichi.